Ukishavua Joho: Kupanga Kazi ya Muziki ya Kujitegemea Huku Ukiendelea Kujifunza

Chuo kikiisha, mwanamuziki hupoteza vitu viwili kwa mpigo: ratiba na mwalimu. Ratiba ndiyo iliyokuwa ikimfikisha mazoezini hata siku asizojisikia. Mwalimu ndiye aliyekuwa akimwambia kila wiki kwamba kidole cha nne kinachelewa, au pumzi inakatika kabla sentensi ya muziki haijafika mwisho. Kuanzia hapo hakuna anayemdai wala anayemsahihisha.

Wengi huuogopa mwaka wa kwanza kwa sababu ya kukosa kazi, na hofu hiyo ina msingi. Lakini ipo hatari inayokuja polepole zaidi: kazi zinapatikana, zote za aina moja, nyimbo zile zile ishirini kila mwisho wa wiki, na baada ya miaka miwili mtu anapiga vibaya kuliko alivyopiga kwenye mtihani wake wa mwisho. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hesabu ya pesa na mpango wa kujifunza viandikwe kwenye karatasi moja, vikiwa na saa na tarehe, kabla shajara haijaanza kujaa. Ukivitenganisha, pesa itameza masomo, kwa sababu mwenye kazi hupiga simu na masomo hayapigi.

Anza na namba ya mwaka

Chukua matumizi yako ya mwezi mmoja, yaani pango, chakula, usafiri, simu, intaneti na bima, uyaite 100. Kwa mwaka ni 1,200. Ongeza matunzo ya ala: nyuzi, matete, ngozi za ngoma, kazi ya fundi, na akiba ya kubadilisha chombo kinachochakaa. Weka 120. Ongeza masomo na semina, 80. Tumefika 1,400.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme robo ya mapato yako huenda kwenye kodi na michango ya hifadhi ya jamii. Kiwango hutofautiana nchi na nchi, weka cha kwenu. Mtu huchukua 1,400, akaongeza robo yake, akapata 1,750 na kuridhika. Lakini robo inakatwa kwenye jumla ya kinachoingia. Ukiingiza 1,750 na kukatwa robo, unabaki na 1,312.5, pungufu ya karibu matumizi ya mwezi mzima. Hesabu sahihi ni kugawa: 1,400 kwa 0.75, jibu karibu 1,867.

Sasa wiki. Mwaka una wiki 52. Toa 4 za mapumziko, 2 za ugonjwa, na 6 za msimu mkavu, yaani wa kazi chache, ambao kila mahali upo, ingawa miezi yake si ile ile. Zinabaki 40. Gawa 1,867 kwa 40 upate karibu 46.7. Maana yake kila wiki ya kazi lazima ilete karibu nusu ya matumizi yako ya mwezi. Namba hii hushtua mara ya kwanza, na ni afadhali ikushtue ukiwa mezani kuliko ikukute katikati ya mwaka.

Hatua inayofuata ni kujua saa halisi za kazi moja. Chukua shoo ya kawaida ya awamu mbili, dakika 45 kila moja. Mteja anaona saa moja na nusu. Wewe andika hivi: kujifunza nyimbo mpya saa 3, mazoezi ya pamoja, safari ikiwemo, saa 3, kwenda na kurudi siku ya shoo saa 2, kupanga vyombo na kujaribu mitambo saa 1.5, kusubiri saa 1, kupiga saa 1.5, mapumziko kati ya awamu nusu saa, kufungasha nusu saa, simu, ujumbe na ankara saa 1. Jumla ni saa 14. Ukiwa unaweza kufanya kazi za malipo saa 30 kwa wiki, kila saa lazima ibebe karibu 1.56, na shoo hiyo haipaswi kulipwa chini ya 22, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya matumizi yako ya mwezi.

Tazama pia kinachotokea shoo hiyo hiyo ikirudiwa kwa mteja yule yule na nyimbo zile zile. Saa 3 za kujifunza na 3 za mazoezi zinaondoka, zinabaki 8. Ndiyo maana punguzo, kama lazima litolewe, litolewe kwenye kazi ya kurudia, kwa sharti la tarehe kadhaa kuthibitishwa pamoja. Mteja anayeomba bei nafuu ya mara ya kwanza kwa ahadi ya kazi zijazo anaomba punguzo pale ambapo gharama yako ni kubwa kuliko zote. Na akirudi, atataka bei ile ile, kwa kuwa ndiyo anayoijua.

Kuhusu mchanganyiko wa mapato: kufundisha hutuliza mwezi, shoo huleta vipande vikubwa, na kurekodi, kuandika mpangilio wa nyimbo au kusindikiza waimbaji wanaojiandaa kwa mitihani hujaza mapengo. Ugumu wa kufundisha ni saa zake. Wanafunzi wana nafasi jioni na mwisho wa wiki, saa zile zile za mazoezi ya bendi na shoo. Usipoangalia utakuwa unamwahirisha mtoto wa watu kila Ijumaa, na mzazi hatavumilia zaidi ya mwezi. Chagua siku mbili za kufundisha, mwanzoni mwa wiki, usiziguse. Tafuta watu wazima wanaoweza kuja asubuhi. Ada ilipwe kwa mwezi au muhula kabla ya kuanza, na kipindi kinachofutwa chini ya saa 24 kabla kihesabike kuwa kimefanyika. Ukidai kwa kila kipindi kinapofanyika, mwezi wa mvua na mafua utakufilisi.

Mteja mmoja asibebe zaidi ya theluthi moja ya mapato yako. Hoteli ikibadilisha meneja, au kiongozi wa bendi akihama, theluthi inazibika ndani ya miezi michache, nusu haizibiki. Na kila malipo yanapoingia, siku hiyo hiyo hamishia sehemu ya kodi kwenye akaunti nyingine isiyo na kadi.

Makubaliano yawe kwa maandishi, hata ya mistari sita

Si lazima mkataba wa kurasa kumi. Ujumbe mmoja unaojibiwa "nimekubali" unatosha kwa kazi ndogo, mradi uwe na kila kitu. Kwa mfano: "Nathibitisha Jumamosi tarehe 14, ukumbi tuliokubaliana. Nafika saa 9:30 alasiri, kujaribu mitambo saa 10:00 jioni, kuanza kupiga saa 1:00 usiku, awamu mbili za dakika 45 na mapumziko ya dakika 30, kumaliza saa 3:00 usiku. Malipo ni kiasi fulani, nusu ilipwe kabla ya tarehe 1, nusu usiku huo huo kabla ya kuondoka. Kila nusu saa ya ziada ni kiasi fulani. Ukumbi unatoa spika, mixa na fundi mitambo. Mimi naleta ala na ampu. Kurekodi video kwa ajili ya kuuza au kurusha kunahitaji makubaliano mengine."

Angalia saa zilizomo. Ugomvi mwingi hutokana na mteja kusema "njooni saa kumi" bila kufafanua kama ni saa ya kufika au ya kuanza. Ya pili kwa ugomvi ni saa ya kumaliza: sherehe ikichelewa kuanza kwa saa mbili, mteja huamini bado anazidai dakika zake 90 zote. Ukiwa na saa ya kumaliza na bei ya ziada kwenye maandishi, mazungumzo hayo yanachukua dakika moja.

Kufutwa kwa kazi kuwe na ngazi. Utaratibu unaoeleweka kwa urahisi ni huu: mteja akifuta mapema, malipo ya awali hayarudi; akifuta ndani ya siku 14, analipa nusu ya jumla; ndani ya saa 48, analipa yote. Hiyo ni haki, kwa sababu ndani ya siku hizo huwezi tena kuijaza tarehe. Ankara ipewe namba, tarehe, maelezo ya kazi, na siku ya mwisho ya kulipa. Ukiandika "lipa haraka iwezekanavyo" hujaandika kitu. Andika tarehe kamili. Siku moja baada ya tarehe hiyo kupita, tuma ukumbusho wa upole. Baada ya wiki, piga simu na uongee na mhasibu, kwa kuwa aliyekuajiri mara nyingi hajui ankara imekwama wapi.

Haki nazo zinahitaji kueleweka mapema, kwa sababu wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: mahadhi na maneno. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake ndio msingi wake kimataifa, na kiwango cha chini cha ulinzi ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ingawa nchi nyingi zimefikisha 70. Ya pili ni rekodi yenyewe, pamoja na haki za wapigaji na waimbaji waliosikika humo, zile zinazoitwa hakishiriki, ambazo Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliziweka katika ngazi ya kimataifa. Ukialikwa studio kupiga gitaa, uliza kabla ya kufungua begi: nalipwa mara moja na kumaliza, au nabaki na haki zangu za mpigaji? Na kama umebuni kile kipande cha mwanzo ambacho watu wataukumbukia wimbo, je, wewe ni mmoja wa watunzi?

Mgao uandikwe siku ile ile mkiwa bado chumbani: jina la wimbo, majina halisi ya wote, asilimia ya kila mmoja zikijumlishwa kuwa 100, na saini. Wimbo ukishapata wasikilizaji, kila mtu hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa zaidi, na kwa kawaida hakuna anayedanganya. Kila rekodi ipewe msimbo wake wa ISRC, alama ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, wenye herufi na tarakimu 12. Toleo jipya lililochanganywa upya linahitaji msimbo mwingine. Jiandikishe kwenye taasisi ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo, kama mtunzi, na kama mpigaji pia pale ambapo utaratibu huo upo, na utumie jina moja lenye tahajia moja kila mahali. Mirabaha mingi hukwama kwa sababu ndogo mno: jina la jukwaani kwenye fomu moja, jina la kitambulisho kwenye nyingine, herufi moja imepotea kwenye ya tatu.

Kushikiana nafasi

Kazi nyingi za mwanamuziki wa kujitegemea haziji kwa matangazo. Zinakuja kwa sababu mpigaji mwingine hakuweza kwenda, akakutaja. Kwa hiyo namna unavyoshika nafasi ya mtu ndiyo tangazo lako kubwa, na ina adabu zake ambazo chuoni hazifundishwi.

Ukiombwa kushika nafasi, jibu ndani ya saa moja hata kama jibu ni hapana. Aliyekuomba ana watu wengine wa kuwapigia. Omba orodha ya nyimbo, funguo zake (nota ambayo kila wimbo umejengwa juu yake), rekodi na nota kama zipo, na mavazi. Fika nusu saa kabla ya wengine. Piga kile kilichozoeleka, na ubunifu wako uuweke akiba, kwa sababu mwimbaji anategemea kusikia mlango wake wa kuingilia pale pale siku zote. Usigawe namba yako ya simu kwa mteja wa mwenzako. Mteja akikuomba moja kwa moja kazi nyingine, mwambie kwamba utawasiliana naye kupitia kiongozi wa bendi. Hili la mwisho watu hulidharau, na ndilo linalofunga milango kimya kimya.

Upande wa pili: ukiwa wewe ndiye unayetafuta wa kukushikia, mwombe kiongozi ruhusa kwanza, halafu mpelekee wewe mwenyewe mtu aliye tayari. Mpe nota zilizo na alama zako zote, ikiwemo pale ambapo mpiga ngoma huongeza kasi na pale mwimbaji anaporudia kiitikio bila kutangaza. Na usikimbie kazi uliyokwisha kuifanyia mazoezi kwa sababu tu imepatikana inayolipa zaidi.

Swali moja la ziada kabla ya kazi yoyote: nota ya A, ambayo wote hutyuni kwayo, iko wapi? Kiwango cha kimataifa ni herzi 440, lakini zipo okestra zinazopiga 442 au 443, na vikundi vya muziki wa Baroque, ule wa Ulaya wa karne ya 17 na 18, mara nyingi hutumia 415, karibu nusu toni nzima chini. Mpiga tarumbeta au filimbi anayelijua hilo siku tatu kabla atajipanga. Anayelijua jukwaani atahangaika na midomo jioni nzima.

Masomo yawe na saa yake

Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Ukilinganisha wapigaji bora na wenzao waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki, wale bora walifanya mazoezi ya peke yao kwa saa nyingi zaidi, mengi yakiwa kabla ya mchana kufika, na walilala mchana zaidi. Kwa mtu anayefanya kazi usiku, somo lililomo ni la vitendo: asubuhi ni mali yako. Simu za wateja zinaweza kusubiri hadi saa sita mchana. Saa mbili za asubuhi, siku tano kwa wiki, ni saa 10 zisizouzwa. Ziandike kwenye shajara kama kazi yenye mteja, na mtu akiuliza, sema una kazi.

Jinsi ya kuzigawa inategemea ulipo, lakini mgawanyo huu unafanya kazi kwa ala nyingi. Dakika 15 za kupasha viungo na sauti ndefu. Dakika 10 za kusoma nota papo kwa papo, ukurasa ambao hujawahi kuuona, bila kusimama hata ukikosea. IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2006, ina maelfu ya kurasa za muziki ambao hakimiliki yake imekwisha, ila angalia sheria ya nchi yako kwa kila kazi. Kisha dakika 40 za ufundi mgumu, mapumziko mafupi, dakika 30 za nyimbo za kazi zijazo, na zinazobaki ni za sikio.

Ndani ya zile dakika 40 ndimo watu wanapotea. Kosa la kawaida ni kurudia kipande kimoja mara thelathini hadi kitoke vizuri, halafu kesho kinagoma tena. Kinachotoka vizuri mara ya thelathini kimebebwa na joto la zile ishirini na tisa. Jukwaani hupewi hata moja. Chagua vipande vitatu vigumu, vya baa (vipimo vya mapigo kwenye nota) mbili hadi nne kila kimoja, uvizungushe: dakika tano cha kwanza, tano cha pili, tano cha tatu, urudi cha kwanza. Kila unaporudi utahisi umesahau kidogo, na kazi ya kukumbuka tena ndiyo inayokikaza. Kisha kesho, kabla hata ya kupasha viungo sawasawa, washa kinasa sauti cha simu upige kila kipande mara moja tu. Hicho ulichonasa ndicho kiwango chako halisi. Kiandike tarehe na kasi.

Metronomu, kifaa kinacholia kwa kasi isiyobadilika, nayo itumike kwa ujanja. Ikilia kwenye kila pigo, inakufanyia kazi ambayo ni yako. Punguza: ilie kwenye pigo la pili na la nne tu, kisha mara moja kwa baa, kisha mara moja kwa baa mbili. Ukijikuta unafika kabla yake, unakimbia. Na wengi hukimbia kwenye vipande vyepesi, si vigumu. Ujuzi huu unalipa moja kwa moja siku utakapowekewa mlio wa kasi sikioni studio au kwenye tamthilia ya muziki.

Kwa sikio, chagua baa nane za mpigaji unayempenda. Usishike ala. Sikiliza hadi uweze kuziimba bila rekodi, pamoja na mahali anapochelewesha nota kidogo. Halafu zitafute kwenye ala, halafu ndipo uandike. Ukianza kwa kuandika utapata nota zote na kukosa muziki wake. Mwisho zihamishie funguo mbili nyingine. Baa nane kwa wiki zilizoshikwa hivi zinazidi wimbo mzima uliosomwa kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Kuhamisha ufunguo ni ujuzi unaonunuliwa kila siku. Mwimbaji ana mafua, anaomba ushushe toni moja, na zimebaki dakika kumi. Kila wimbo wa kazi ujue katika funguo tatu: wa asili, toni moja juu, toni moja chini. Njia nyepesi ni kufikiri kwa namba za ngazi ya sauti, 1, 4, 5, 6, badala ya majina ya kodi za muziki, yaani nota zinazopigwa pamoja. Wapigaji wa studio za Nashville, Marekani, wamejenga mfumo mzima wa kuandika nyimbo kwa namba hizo, na karatasi moja inatumika kwa ufunguo wowote. Kwa wanaoandikia wengine: tarumbeta na klarineti za B bemoli husikika toni moja chini ya kilichoandikwa. Kulisahau hilo kwenye karatasi za wapuliza ndiyo njia ya haraka ya kupoteza mazoezi nusu saa, na wapuliza hawasahau jina lako.

Mwalimu bado unamhitaji, ila kwa namna nyingine. Kipindi kimoja cha dakika 90 kila wiki sita kinatosha kwa mtu anayejua kujifunza. Mpelekee rekodi ya dakika mbili siku mbili kabla, na swali moja. Swali la "nisikilize uone" hurudisha majibu kumi ambayo hutayafanyia kazi hata moja. Uliza: kwa nini sauti inakauka ninapopanda juu ya nota ya E? Nasa kipindi chote kwa ruhusa yake, na usiku huo huo andika mambo matatu ya kufanya kwa wiki sita zijazo. Pesa ikikosekana, badilishaneni: mpiga besi anamfundisha mpiga kinanda jinsi ya kusikiliza ngoma, mpiga kinanda anamrudishia somo la kodi. Kundi la watu wanne wanaokutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akapiga dakika kumi na kusikilizwa kwa dakika tano za maoni, huziba sehemu kubwa ya pengo lililoachwa na chuo. Maoni yaanze na kilichosikika, hukumu ifuate: "baa ya tisa imekuwa haraka" inasaidia, "sijakupenda leo" haisaidii.

Nini cha kujifunza zaidi ya ala yako? Andika kazi tatu unazotaka uwe unafanya baada ya miaka miwili, halafu mtafute anayezifanya sasa umuulize vitu vinne anavyotumia kila wiki. Kwenye tamthilia ya muziki, mpuliza saksafoni anayepiga pia filimbi na klarineti anaitwa kabla ya mwenye ala moja. Kwenye studio za mbali, kinachoulizwa ni kama unaweza kujirekodi nyumbani na kutuma faili safi.

Hilo la kujirekodi lina mambo machache yanayoharibika kwa kila anayeanza. Muulize mteja mradi wake uko kwenye kiloherzi ngapi, yaani sampuli za sauti elfu ngapi kwa sekunde. Faili la 48 likisomwa kama 44.1 linakwenda polepole na kushuka karibu semitoni moja na nusu, na mteja ataamini umetyuni vibaya. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti vifike karibu desibeli −10 kwenye mita; hakuna faida ya kusukuma karibu na sifuri, na pigo moja la nguvu likivuka hapo limeharibika moja kwa moja. Tuma WAV, faili la sauti lisilobanwa, usitume MP3: ukiacha ubora, usimbaji wa MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni, kwa hiyo kipande chako hakitakaa sawa na vingine. Kila faili lianzie sifuri ya wimbo hata kama unaingia dakika ya tatu. Tuma bila mwangwi wala efekti, na kama efekti ni sehemu ya sauti yako tuma matoleo mawili. Jina la faili liwe na wimbo, ala, kasi na namba ya jaribio. Fundi anayepokea "mwisho_kabisa_2" anajua tayari siku yake itakuwaje.

Masikio na mikono

Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, unaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unapungua kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 100 kwa dakika 15. Jukwaa dogo lenye ngoma na spika za kujisikilizia hufika 100 bila mtu kushangaa. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Vile vya sponji hukata sauti za juu, ukajikuta unapiga kwa nguvu zaidi kuzitafuta. Vivae pia mazoezini, kwa sababu ndiko zinakotumika saa nyingi. Mlio unaobaki masikioni asubuhi baada ya shoo ni onyo.

Mikono na midomo huumia zaidi wakati wa kuongeza saa ghafla: wiki mbili kavu, halafu shoo nne na mazoezi kila siku. Kwa hiyo hata wiki isiyo na kazi, zile saa 10 zibaki palepale. Maumivu yanayozidi siku tatu yapelekwe kwa daktari au mtaalamu wa viungo. Kujinyoosha kwa kufuata video kunaweza kuficha tatizo hadi liwe la miezi.

Kila miezi mitatu

Weka daftari lenye safu tano: tarehe, kazi, malipo, saa halisi, na ulichojifunza. Kila robo ya mwaka gawa malipo kwa saa, upange kazi zote kutoka juu hadi chini. Kwa ile ya chini kabisa, angalia safu ya mwisho. Kama hailipi na haifundishi, iache kwa taarifa ya mwezi mmoja na umpendekeze mtu mwingine. Kama hailipi lakini inafundisha, iwekee tarehe ya mwisho. Na kama inalipa vizuri bila kufundisha chochote, ibaki, lakini zihesabu kazi za namna hiyo. Zikizidi nusu ya saa zako, ongeza somo moja la mwalimu kwenye robo inayofuata na ulilipie mapema ili usiliahirishe.

Bei ipandishwe kwa wateja wapya kwanza. Wakikubali watano mfululizo bila kusita, bei bado iko chini. Wateja wa zamani wape taarifa ya miezi miwili kwa maandishi, kwa sentensi moja isiyo na maelezo marefu: "Kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba, malipo ya shoo yatakuwa kiasi fulani; kazi zote zilizokwisha kuthibitishwa zinabaki kwa bei ya sasa." Tuma mwanzoni mwa wiki, asubuhi, na uwe na saa ya kujibu simu mchana huo.